Losiolo ni rahisi kweli? Jibu kwa dada wa Muyeye na msafara wake

Dada mmoja wa Muyeye hapa Malindi kaniandikia swali refu, nalifupisha. Lile korongo la Marafa kule Nyari ashaenda na wanawe mpaka watoto wenyewe wamepazoea, sasa kaona picha ya Losiolo kule Samburu, mtu kasimama kwenye majani pembezoni mwa genge na mbele yake bonde la jangwa limeenda mpaka halina mwisho, na aliyeiweka kaandika ni matembezi rahisi hata mtoto anafika. Anauliza kama ni kweli, manake anataka kwenda Disemba shule zikifungwa, yeye, mamake wa miaka sitini na kitu ambae goti lamsumbua, watoto wawili wa gredi ya nne na ya saba, na kakake ambae keshaanza kutangaza nyumba nzima kwamba yeye atashuka mpaka chini jangwani na kupanda siku hiyohiyo. Wavae nini, walale wapi, na kama usalama upo.

Dadangu, aliyeandika rahisi hakukudanganya, ila alikuwa anaongelea miguu tu. Kwa miguu ni rahisi kweli, ule ni uwanda si mlima, unatembea kwenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya ngano, ardhi inainuka kidogo inashuka kidogo, halafu ghafla nchi inaisha. Hakuna kamba, hakuna kukwea na mikono. Shida ya sisi watu wa pwani na Losiolo haiko kwenye njia, iko kwenye hewa, na baridi, na barabara ndefu ya kufikia huko, na habari za usalama, halafu na lile genge lenyewe ambalo ukilisimamia lakufanya uone kushuka ni kitu kidogo tu. Nitaeleza moja moja ila si kwa mpangilio sana, nivumilie.

Naanza na kakako. Hashuki. Pale mnaposimama mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sehemu za uwanda ule zinafika kama 2,500, na bonde la Suguta mnaloliangalia ukilifuata kaskazini mpaka kwenye Ziwa Logipi sakafu yake iko kama mita 300 tu. Kwa hiyo tofauti ya juu na chini inakaribia kilomita mbili, kwenda chini, si kwenda mbele. Na joto linabadilika kadri unavyoshuka, kila mita 1,000 inaongeza kama digrii sita au zaidi, kwa hiyo mtu anatoka juu asubuhi na sweta, mchana yuko kwenye mojawapo ya sehemu zenye joto kali kabisa Kenya nzima, hakuna kivuli, maji aliyobeba yamekwisha wakati wa kushuka ambao ndio wakati rahisi, halafu sasa ndio apande. Mlima wa kawaida una adabu, unakuchosha mwanzo ukiwa na nguvu, ukishindwa unageuka na njia ya nyumbani ni ya kushuka. Genge linafanya kinyume, linakupa raha kwanza deni linakuja jioni. Watu wanaoshuka Suguta wanakwenda kwa siku kadhaa, na wenyeji, na ngamia wa kubeba maji, na wamepanga miezi kabla. Mwambie kaka yako kama anataka jasho atembee na ukingo wenyewe kwenda na kurudi, huko kuna kazi ya kumtosha na kila hatua ana mandhari.

Sasa mahali penyewe. Losiolo (wengine wanaandika Lesiolo, ukitafuta kwenye ramani jaribu zote) ni ukingo wa magharibi wa uwanda wa Loroghi, iko upande wa Poro, kama kilomita ishirini kaskazini ya mji wa Maralal. Watalii wanapaita World's View. Kutoka Maralal mnapanda kuelekea Poro, mnapita misitu ya mierezi, ile miti ya zamani yenye ndevu nyeupe zimening'inia, halafu msitu unaachia na inakuwa wazi, majani, ngano, ng'ombe, upepo. Gari lenye miguu mirefu linaweza kufika karibu kabisa na ukingo, na hapa ndipo nakupa ushauri wangu wa kwanza wa maana: musikubali kupelekwa mpaka mlangoni. Yaani mama aende na gari, sawa, goti lake lina haki, lakini nyinyi wengine muambieni dereva awashushe mbali, mwendo wa saa moja au saa moja na nusu hivi, mtembee kwenye uwanda na kiongozi wa pale mpaka mfike. Sababu yake ni kwamba ukitembea ile ardhi tambarare kwa muda, umeshaizoea, umeshaona ni mashamba tu ya kawaida, ndipo lile shimo likitokea linakushtua vizuri. Ukishuka kwenye gari ukapiga hatua chache ukachungulia, unapiga picha dakika kumi unauliza chakula kiko wapi, nimeona watu wengi wametoka mbali hivo hivo wakamaliza kuangalia kabla injini ya gari haijapoa.

Na kwa goti la mama, kutembea kwenye tambarare mara nyingi hakuna neno, kinachoua goti ni kushuka. Marafa ndio mbaya zaidi kwake, manake Marafa unaanza juu unashuka ndani ya korongo halafu upande tena kwenye mchanga unaoteleza. Huku juu akitaka atembee nusu saa pembeni ya ukingo na bakora yake (kwa mbali, hatua nyingi kutoka mwisho) atatembea. Kiti cha plastiki kwenye buti la gari usisahau, kuna wazee hawawezi kukaa chini na huko hakuna benchi.

Kwa kuwa Marafa mnaijua, wacha niilinganishe kidogo hata watoto wataelewa wanachokiona. Nyari ile imechimbwa na maji na upepo, ni mchanga uliogandamana, mvua inashuka inakata, kila mwaka inakula kidogo, ndio maana kingo zake zinamomonyoka ukizikanyaga. Losiolo haikuchimbwa. Hili ni Bonde la Ufa lenyewe, ardhi ilivutwa huku na huku ikapasuka kwa nyufa ndefu, kipande cha katikati kikadidimia na pembeni zikabaki juu, na uwanda mliosimama umefunikwa na mawe ya volkano yaliyomwagika kama uji mamilioni ya miaka huko nyuma. Kwa hiyo mnaposimama pale mnaangalia ukuta mmoja wa ufa, na ile milima ya bluu ng'ambo, upande wa Tiati, iko upande wa pili wa bonde. Muulize wa gredi ya saba ni kwa nini juu kuna ngano na chini kuna jangwa ilhali ni hapo kwa hapo. Hewa inayopanda kwenye uwanda inapoa na inatema mvua yake juu, ile inayoshuka bondeni inapata joto na kukauka, haina cha kutoa tena. Na bonde lile halikuwa kavu siku zote, maelfu ya miaka iliyopita wakati sehemu hizi zilikuwa zinapata mvua nyingi kulikuwa na ziwa kubwa humo ndani, kina chake kilifika kama mita 300, na alama za fukwe zake bado ziko kwenye miamba. Sasa hivi kimebaki Logipi, kiziwa cha magadi kinachopungua na kujaa, heroe wanakwenda wakati mwingine. Kaskazini zaidi kuna volkano inayoitwa Barrier imeziba bonde, na nyuma yake ndio Ziwa Turkana. Msitegemee kuliona Turkana kutoka pale, kuna watu wanarudi wamenuna kwa sababu kuna mtu aliwaahidi.

Na kuna hili ambalo huwa napenda kulisema kwa watu wa huku. Tukienda bara tunajiona wageni kabisa kumbe watu wa pwani walipita huko zamani na mizigo kichwani. Ule msafara wa Teleki, yule bwana mkubwa wa Hungary, uliondoka Pangani 1887 na wapagazi wengi wa kiswahili, na aliyewaongoza njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa hukohuko Pangani. Walitoka Baringo wakapita uwanda huu wa Loroghi wakaenda zao mlima Nyiro na Machi 1888 wakafika ziwani. Volkano ya huko kusini mwa ziwa ikapewa jina la Teleki. La Kimemeta mpaka leo ni wachache wanaolijua.

Haya, hewa na afya, hapa nisomeni pole pole. Malindi mko sawa na bahari. Kwenye mita 2,400 au 2,500 hewa unayovuta ni kama robo tatu ya ile ya nyumbani, kwa hiyo mtu mzima kabisa akitembea haraka atahema, moyo utapiga, kichwa kinaweza kuuma kidogo usiku wa kwanza. Hiyo si ugonjwa, ni mwili unazoea, dawa yake ni kwenda pole pole, kunywa maji hata kama husikii kiu (baridi inadanganya, huoni jasho kwa hiyo unadhani hupotezi maji) na kutokimbizana. Urefu huo si wa kuogopa kama mlima Kenya, ila usitoke Malindi usiku, ukalala kwenye basi, ukaunganisha gari mpaka Maralal, asubuhi ukatembea. Mama kama ana presha aende akamuone daktari wake kwanza na abebe dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Halafu hili watu hawalisemi na kwetu Kilifi ni muhimu kuliko mahali pengi: sikoseli. Hapa kwetu seli mundu iko kwenye familia nyingi, ni historia ya malaria hiyo, na mtu mwenye ugonjwa wenyewe kupanda juu ya mita 2,000 panapopungua hewa, na baridi, na kukosa maji mwilini, vyote vitatu ndivyo vinavyoleta yale maumivu makali. Kama kuna mtoto kwenye msafara wako mwenye sikoseli basi usimpeleke Losiolo bila kuongea na kliniki yake, na mimi nikiulizwa nasema asiende, Marafa ipo, ni karibu na iko chini. Hata anaebeba nusu tu, yaani amerithi kwa mzazi mmoja na kwa kawaida haumwi, mara chache huwa anapata maumivu ya wengu huko juu, kwa hiyo mtoto akilalamika ubavu wa kushoto msimwambie anadeka, shukeni naye. Na homa ikimshika mtu mkiwa kule msiseme ni baridi tu, mmetoka kwenye malaria nyinyi, akapimwe Maralal, na muwaambie mmetoka pwani.

Baridi sasa. Hesabu ni ileile ya digrii sita kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Malindi ikiwa 30 kule mchana ni kama 15, 16, na upepo juu yake, na usiku inashuka mpaka mtu wa Muyeye anauliza alikosea nini. Sweta nzito kila mtu, jaketi la kuzuia upepo (sweta peke yake upepo unapita katikati), kofia ya sufi asubuhi na kofia ya kivuli mchana, soksi. Kikoi beba, kinafanya kazi ya shuka, skafu, mkeka na pazia la mama akitaka kujisitiri. Wewe na mama buibui vaeni hakuna neno, ila ndani vaeni suruali, na lile la wazi mbele liacheni nyumbani, upepo wa ukingoni unalijaza kama tanga na si mahali pa kupigana na nguo. Mtandio ubanwe kwa pini. Viatu raba za kawaida za shule zenye meno chini zinatosha, mabuti makubwa ya dukani ya maelfu ya shilingi hamyahitaji, lakini ndara hapana, na yule kaka asinije na makubadhi. Jua la kule ni la hila, ngozi inahisi baridi lakini mionzi inaongezeka kama asilimia kumi kila mita 1,000, watoto watarudi pua zimebambuka.

Chakula bebeni kutoka Maralal asubuhi, hapo ukingoni hakuna kioski. Mjini utapata vyakula, kuna waislamu na msikiti, nyama ya mbuzi ya kule ndio nyama. Ila mimi husema tende na mahamri ya nyumbani ya siku ya kwanza yafanye kazi njiani, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Mkipika kule msishangae maharagwe hayaivi, maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, kama digrii 92 hivi, kwa hiyo acheni mambo ya maharagwe. Maji ya kunywa ya siku nzima, lita mbili kwa mkubwa, na lita za akiba garini. Msitegemee visima vya njiani, vile vya mifugo.

Njia. Malindi mpaka Nairobi ni kama kilomita 600, kama mna uwezo pandeni ndege hapa Malindi au mshuke Mombasa mchukue treni ya SGR, kwa mama mwenye goti treni inashinda basi la usiku manake anaweza kuinuka akajinyoosha. Mlale Nairobi. Siku ya pili nendeni Nyahururu kupitia Gilgil na mlale hapo, hili ndilo pendekezo langu kubwa kwa upande wa safari, Nyahururu iko kama mita 2,300 kwa hiyo usiku ule mnalala mwili unazoea wakati mnastarehe, mnaangalia maporomoko ya Thomson (mita 74, mnayaona kutoka juu bila kushuka, tena zoezi zuri la kumzoesha kaka kutoshuka), mnanunua sweta za bei nafuu sokoni. Siku ya tatu Rumuruti kwenda Maralal, barabara sehemu kubwa sasa ni lami, zamani ilikuwa adhabu. Mchana mpumzike mjini, watoto wapelekwe ile nyumba aliyofungiwa Mzee Kenyatta 1961 kabla hajaachiliwa, inafungua akili zao. Siku ya nne ndio Losiolo. Mkiondoka Nairobi asubuhi mna uwezo wa kufika Maralal siku hiyohiyo, ni kama kilomita 350, lakini mtafika hoi na kesho yake ndio siku yenyewe mliyoijia. Kwa hiyo swali lako la kama inawezekana kwa wikendi, hapana, labda kwa mtu wa Nairobi.

Saa ya kufika ukingoni ni jambo ambalo picha za mitandaoni zinakosesha watu. Wengi wanapiga jioni jua likizama, ni nzuri kwa picha moja, lakini ukingo ule unaangalia magharibi, kwa hiyo jioni jua liko usoni mwako na bonde lote ni ukungu wa dhahabu huoni kitu. Asubuhi jua liko mgongoni kwako, linamulika bonde lote mbele, unaona makorongo, ile michirizi myeupe ya magadi, vivuli vya mawingu vinatembea huko chini. Na vumbi la jangwa bado halijainuka. Kwa hiyo mtoke Maralal mapema, ila si gizani, nitasema sababu. Saa mbili na nusu, saa tatu asubuhi muwe mshafika ni vizuri sana. Ukungu wa uwanda wenyewe saa nyingine unakuwepo asubuhi, umekufunika huoni hata mbele yako, hapo mnakaa garini mnakunywa chai na hakuna mtu kusogea kutafuta ukingo uko wapi. Unaondoka wenyewe jua likipanda.

Ukingo wenyewe msitegemee ua wala kamba. Majani yanakwenda mpaka mwisho, na majani yenye umande yanateleza, na upepo unapanda kutoka chini kwa nguvu halafu unakata ghafla, mtu aliyeuegemea anayumba. Sheria yangu kwa watoto ni kwamba mtu akitaka kuchungulia analala kifudifudi, na mtu mzima amemshika miguu, na hakuna mzaha wa kusukumana, atakaefanya mzaha anarudi garini kukaa na bibi. Picha za kuruka juu, za kukaa miguu inaning'inia, hapana. Mawe ya pale ni magumu lakini mengine yamepasuka na yamekaa tu, na kutupa mawe chini pia hapana, kuna watu na mbuzi wanapita kwenye vijia vya huko chini hamuwaoni. Mkisikia radi, ondokeni ukingoni bila mjadala, nyinyi ndio vitu virefu zaidi pale.

Usalama, ambalo najua ndilo mumeo anauliza. Nitakuwa mkweli. Samburu ni mojawapo ya zile kaunti ambazo serikali ilizipelekea jeshi Februari 2023 kwa mambo ya wizi wa mifugo na ujambazi, na bonde la Suguta lenyewe lina historia ya mapigano makali. Wanaokwenda juu Losiolo wanakwenda na kurudi, lakini hali inabadilika kwa wiki, si kwa mwaka, na mimi niliyeko Malindi siwezi kukuhakikishia Disemba. Kwa hiyo fanyeni hivi: wiki moja kabla pigeni simu hoteli mtakayolala Maralal muulize hali ya Poro, mkifika mjini ulizeni polisi, na mchukue kiongozi msamburu ambae ni wa upande huo wa Poro hasa, si mtu yeyote wa stendi, manake yeye akipigiwa simu na nduguye asubuhi kwamba leo hapana, anajua. Mkiambiwa hapana ni hapana, hata kama mmetoka kilomita elfu moja. Msitembee njia zile usiku, ndio sababu nimesema msitoke gizani. Na misitu ya huko, Kirisia na ile ya mierezi, ina ndovu na nyati, kwa hiyo hakuna kujitenga kwenda kuchuma maua.

Kiongozi mlipeni vizuri, na watu wa jamii ya pale wanatoza kiingilio, lipeni bila maneno, ardhi ni yao na ng'ombe wao ndio wanaoweka yale majani mafupi mnayotembelea. Bebeni pesa taslimu za noti ndogo, netiweki ukingoni inakuja na kutoka na mtu hawezi kulipwa kwa simu isiyoshika. Mkikuta moran au kina mama na shanga zao, salamu kwanza, kiswahili wengi wanasikia, na picha mpaka waseme ndio. Sisi wa Malindi tunajua kero ya kupigwa picha na mgeni usiyemjua, bas tusiwafanyie.

Mkiambiwa hali si nzuri mkiwa bado Nairobi msirudi nyumbani, geuzeni njia muende Iten. Nayo iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 2,400, na ukingo wake unaangalia Bonde la Kerio. Si jangwa kamili kama Suguta, chini ni pori kavu, lakini unapata lilelile la kutembea kwenye baridi ukiangalia nchi ya joto chini yako, na watoto wataona wanariadha wakubwa wakubwa wanapita barabarani asubuhi wanafanya mazoezi, hilo peke yake litamfurahisha wa gredi ya nne kuliko genge. Kwa mama ni rahisi hata zaidi.

Mwezi: umesema Disemba, vizuri, ila jaribu baada ya krismasi kuelekea Januari mwanzo, mvua za Novemba ziwe zimekata na udongo wa upande wa Poro umekauka, ukilowa gari linazunguka palepale. Agosti likizo msiende, wengi hawajui kwamba kule Julai na Agosti kunanyesha na ukungu unakaa. Aprili na Mei pia acheni. Februari ni pazuri ila nyasi zimekauka na vumbi ni jingi, na Ramadhani sasa inaangukia miezi hiyo, kufunga huku unatembea kwenye urefu ule bila maji si sawa, mtakuwa wasafiri na ruhusa ya msafiri mnaijua.

Na kaka yako, kabla hajaanza wazo la pili: ile droni aliyokuambia ameazimwa na rafikiye aiache Malindi, Kenya droni ni lazima iwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kule kwenye kaunti yenye askari wengi wakiona kitu kinaruka juu ya bonde la Suguta hawatamuuliza kwanza kama ni ya kupigia picha familia.